Kuchangisha kwa ajili ya masomo ya meno Tanga: omba kiti pamoja na kompresa yake

Tanga watu wanatoa. Harusi moja ya Ngamiani ina mwenyekiti, mhazini, kundi la WhatsApp na orodha ya ahadi inayorushwa kila usiku mpaka mwenye deni aone haya alipe. Kwa hiyo anayesema mji huu hauna moyo wa kuchangia masomo ya meno hajautazama vizuri. Harusi ina tarehe, ina idadi ya sahani, na bibi harusi anajulikana ni binti wa nani. "Changia elimu ya afya ya kinywa" haina tarehe, haina hesabu, haina sura ya mtu. Maelezo haya ni ya kamati, uongozi wa chuo, wahitimu au daktari wa mkoani anayetaka ombi lake lifanane na lile la harusi.

Mnamwombea nani

Mtu akisikia mafunzo ya meno, mawazo yake yanakwenda Muhimbili. Huko shahada ya udaktari wa meno inafundishwa tangu 1979: miaka 5 ya masomo, kisha mwaka 1 wa utarajali. Lakini anayempokea mgonjwa kule Mkinga, Handeni au Kilindi mara nyingi ni tabibu wa meno, mwenye stashahada ya miaka 3 inayosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, ngazi ya 4 hadi ya 6. Tanga na Mbeya ndiyo miji iliyobeba mafunzo ya matabibu hawa kwa muda mrefu. Semeni mapema mnazungumzia kundi gani, kwa sababu gharama hazilingani, muda haulingani, na mtoaji aliyedhani anasomesha daktari akagundua anasomesha tabibu atahisi amechezewa hata kama hakuna aliyemdanganya.

Takwimu, moja inatosha. Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ina madaktari wa meno wapatao 0.33 kwa kila watu 10,000, yaani mmoja kwa watu 30,000 hivi. Itajeni, kisha shukeni kwenye jambo ambalo mtoaji amelishuhudia mwenyewe. Meno ya nailoni, kwa mfano. Karibu kila mtu hapa amesikia habari ya mtoto mchanga aliyeharisha, akapelekwa kwa mtu, akachokonolewa fizi na kutolewa "meno mabaya". Kinachotolewa ni chipukizi la chonge la utotoni, na hatari inayofuata ni kutoka damu, maambukizi na kuharibika kwa jino la ukubwani lililo chini yake. Tabibu aliyefundishwa vizuri ndiye anayekaa na mama huyo na bibi yake, akawaeleza kwa lugha yao bila kuwakemea. Hapo mtoaji anaelewa fedha yake inakwenda kufanya nini.

Anzeni na vitu vya mkononi

Kamati nyingi zinakimbilia kiti cha meno kwa sababu kinapendeza kwenye picha. Ushauri wetu ni kuanza na vifaa vya mkononi na vitu vinavyotumika na kwisha. Ombi likiwa dogo, jibu linapatikana wiki hiyo hiyo, na kamati inajifunza kupokea, kuandika na kutoa taarifa kabla haijashika fedha nyingi.

Kianzio kizuri ni seti ya kuziba meno kwa mbinu ya ART. Mbinu hii ilizaliwa hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa nchi nyingine. Sehemu iliyooza inakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, tundu linajazwa simenti ya glasi-ayonoma, basi. Haitaki umeme wala mashine. Mfanyabiashara wa barabara ya 10 anayelalamikia umeme kila siku atalielewa hilo kabla hujamaliza sentensi.

Seti ya mwanafunzi mmoja ina kioo cha mdomoni, sindano ya kuchunguzia, kibano, vijiko vya kukwangulia vya ukubwa 3, kishoka kidogo cha kupanulia mdomo wa tundu, chombo cha kuwekea na kuchongea simenti, kibao cha kuchanganyia na mwiko wake. Orodhesheni hivyo hivyo, kimoja kimoja, na bei ya muuzaji ikiwa na tarehe. Mkiandika "vifaa vya mafunzo" mtaletewa pamba na glovu.

Simenti yenyewe inahitaji maelezo kidogo, kwa sababu ndiyo inayoharibika. Aina inayochanganywa kwa mkono huja kama unga na kimiminika, na kipimo cha kijiko kwa matone kimeandikwa na mtengenezaji. Mwanafunzi akiongeza tone ili ilainike, ziba inakuwa dhaifu na kuvunjika mapema. Na hewa ya Tanga ina unyevu: chupa ya unga ikiachwa wazi mchana mzima, unga unavuta maji na kushikana mabonge. Kwa hiyo ombeni chupa ndogo nyingi badala ya kopo kubwa moja, hata kama kopo kubwa ni rahisi kwa gramu. Tarehe ya mwisho wa matumizi iwe na angalau miezi 12 mbele siku mzigo unapofika.

Koleo za kung'olea nazo zinachanganya wanunuzi. Magego ya juu kulia na ya juu kushoto yana koleo zake tofauti, kwa kuwa ncha inayoingia kati ya mizizi iko upande wa shavu. Magego ya chini yana koleo ya mdomo uliopinda kama wa mwewe. Watoto wana zao, fupi. Mtoaji akinunua mwenyewe "seti ya koleo 10" mtandaoni anaweza kuleta 4 zinazofanana na asilete hata moja ya gego la chini. Mpeni orodha yenye picha, au mwombeni anunue kwa muuzaji mliyemchagua ninyi.

Vichwa vya mazoezi ni ngazi inayofuata. Ni kichwa bandia kilichofungwa mezani, chenye taya na meno 32 ya plastiki yaliyokazwa kwa skrubu. Kichwa kinadumu miaka. Meno hayadumu, maana jino likishachongwa limekwisha. Ukiomba vichwa 10 bila meno ya akiba, muhula wa pili wanafunzi watakuwa wanachonga matundu juu ya matundu. Vyuo vingine hutumia meno halisi yaliyong'olewa, na ni sawa mradi yasafishwe na kuuliwa vijidudu kwanza. Angalizo: jino lenye ziba ya amalgamu, ile ya madini yenye zebaki, lisiingizwe kwenye otoklevu, mashine ya kuulia vijidudu kwa mvuke, maana joto litatoa mvuke wa zebaki. Hilo hulowekwa kwenye fomalini ya asilimia 10 kwa wiki 2.

Kiti na ndugu zake

Tuje kwenye kiti, maana mtoaji mkubwa atakitaka tu hata mkimweleza vipi. Kiti peke yake ni kochi ghali. Kinahitaji umeme usioyumba, maji safi, mfereji wa majitaka, pampu ya kufyonza mate na hewa iliyobanwa. Hewa ndiyo inayosahaulika.

Kompresa ya meno iwe ya aina isiyotumia mafuta ndani, kwa sababu mafuta yakipita kwenye hewa yanatua juu ya jino na komposito, ziba ya rangi ya jino, haishiki. Kiti kimoja kinahitaji hewa ya lita 50 hadi 60 kwa dakika, kwa shinikizo la baa 5 na ushei. Viti 2 vikifanya kazi kwa pamoja, zidisheni. Kompresa ya gereji ya kujazia upepo matairi haifai, ingawa kuna fundi atakayewaambia ni ile ile.

Kisha unyevu. Kompresa inapobana hewa ya pwani, maji hujikusanya chini ya tangi. Jioni, kazi ikiisha, valvu ya chini ifunguliwe na maji yatoke, kila siku. Yasipotolewa yanapanda na hewa hadi kwenye hendipisi, kile kidude kinacholia mdomoni mwa mgonjwa, na kutia kutu kwenye beringi zake. Chujio la kukaushia hewa linasaidia lakini haliondoi kazi ya valvu. Msiiweke kompresa upande unaopigwa na upepo wa bahari; chumvi inakula kila kitu. Iwekwe kivulini, mahali penye hewa, nje ya chumba cha wagonjwa.

Hendipisi yenyewe huzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika. Hutiwa mafuta yake ya kulainishia kila inapotoka kwa mgonjwa, kabla haijaingia kwenye otoklevu. Otoklevu iwe nyuzi 134 kwa dakika zisizopungua 3, au nyuzi 121 kwa dakika 15, bila kuhesabu muda wa kupasha na kukausha; mzunguko mzima unaweza kuchukua karibu saa nzima. Kwa hesabu hiyo kila kiti kinahitaji hendipisi 3: moja mdomoni, moja kwenye otoklevu, moja inapoa. Mkinunua 1 mtamlazimisha mwanafunzi aifute kwa spiriti na kumwingizia mgonjwa wa pili, na hilo ndilo somo atakaloondoka nalo. Otoklevu inataka maji yaliyokenekwa. Ya bomba yanaacha magamba ndani na kuziba mirija, kwa hiyo mtambo mdogo wa kukeneka uwe kwenye orodha.

Basi mkimpa mtoaji bei, mpeni bei ya familia nzima: kiti, kompresa, stabilaiza ya umeme, hendipisi 3 na turbini za akiba (kile kiini kinachozunguka ndani ya hendipisi), kufungiwa, kumfundisha fundi wa hospitali, na matengenezo ya miaka 2. Kwa matengenezo tengeni asilimia 5 hadi 10 ya bei ya vifaa kila mwaka. Mtoaji akisema fedha yake inatosha kiti tu, mshukuruni, mwambieni mnatafuta mwenzake wa kompresa, na kiti kisiagizwe mpaka huyo wa pili apatikane. Hapa kamati nyingi zinaona aibu kumzuia mtu mkubwa. Zuieni kwa adabu.

Kontena kutoka ng'ambo

Wana Tanga walioko Uingereza, Oman au Marekani wakisikia kuna chuo cha meno, wazo la kwanza ni kukusanya vifaa vilivyotumika na kujaza kontena. Linaweza kuwa jema. Linaweza pia kuwaachia jalala ambalo mmelilipia stoo bandarini.

Ulizeni mambo machache kabla ya kusema ndiyo. Umeme: vyombo vya Marekani ni volti 120 na hezi 60, vyetu ni volti 230 na hezi 50, transfoma inabadilisha volti, haibadilishi hezi, na mota inajua tofauti. Hendipisi: kuna zenye mashimo 2 au 3 nyuma na kuna zenye 4, na mrija wa kiti chenu unakubali aina moja. Mwombeni apige picha ya kitako cha hendipisi na ya mdomo wa mrija, mlinganishe kabla ya kusafirisha. Ganzi: katriji za Marekani ni mililita 1.8, za Uingereza mara nyingi ni 2.2, na ile kubwa haikai kwenye kila bomba la sindano. Zaidi ya hapo ganzi inatakiwa kukaa chini ya nyuzi 25, na kontena juani halina huruma. Glovu za mpira zilizokaa miaka kwenye ghala zinachanika zikivaliwa.

Vifaa tiba vinapitia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na mashine yoyote ya eksirei inahitaji leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Maombi hayo, pamoja na ya msamaha wa kodi, yaanze kabla meli haijang'oa nanga huko, yakiwa na barua ya mpokeaji, hati ya zawadi na orodha yenye jina, modeli, namba ya kiwanda na mwaka wa kila chombo. "Maboksi 40 ya vifaa vya meno" siyo orodha. Amalgamu msipokee hata ikiwa mpya: Tanzania iko ndani ya Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, na dunia inaelekea kuiacha. Na mtaalamu wa nje akitaka kuja kufundisha wiki 2 akiwagusa wagonjwa, aombe kwanza usajili wa muda Baraza la Madaktari Tanganyika. Moyo mzuri hauwi leseni.

Ukikataa mzigo, kataa kwa kupendekeza kingine. Kwa ndugu aliye mbali, fedha ya kununua turbini za akiba Dar inafaa kuliko kiti chake cha 1998.

Namna ya kuomba

Gaweni watoaji kwa jinsi wanavyopata fedha, siyo kwa cheo. Mkulima wa machungwa wa Muheza anayo msimu wa mavuno. Kampuni inapanga bajeti ya jamii miezi ya mwisho kabla mwaka wake wa hesabu haujaanza. Ukifika mwezi wa tatu utaambiwa "mwakani". Muumini anatoa zaka mara nyingi Ramadhani. Mhitimu aliyeajiriwa anaweza kidogo kila mwezi, na huyo kidogo chake msikidharau kwa sababu ndicho kinacholipia umeme. Tarehe 20 Machi, Siku ya Afya ya Kinywa Duniani, ni nafasi nzuri ya kufungua milango ya kliniki ili watu waone. Ni nafasi mbaya ya kuanza kuomba, kwani maombi ya kampuni yalipaswa kufika miezi 4 kabla.

Mtu mzima aendewe, asitumiwe ujumbe tu. Aende mtu anayemjua, pamoja na mwalimu mmoja wa chuo anayeweza kujibu maswali, na mwanafunzi mmoja aliyefundishwa kunyamaza mpaka aulizwe. Ujumbe ufuate baadaye kuthibitisha mliyozungumza. Mfano, kwa hesabu za kubuni:

"Assalaam alaykum mzee wetu, shikamoo. Tunashukuru kutupokea jana. Kama tulivyosema, wanafunzi wa mwaka wa kwanza ni 30 na seti za kuzibia meno ziko 12. Tumebakiza 18. Bei ya seti moja tumeiambatanisha, ni ya wiki hii. Tunakuomba uchukue seti 3. Malipo yanakwenda kwenye namba ya kumbukumbu ya chuo, hayapiti simu ya mtu. Mzigo ukifika tutakupigia, ukijaaliwa uje uone wanavyovitumia. Wako katika utii, kamati."

Ujumbe umeomba kiasi maalumu. Kusema "chochote ulicho nacho" kunaonekana ni heshima, lakini kunamtupia mzee kazi ya kukisia, na akikisia chini anaona aibu, akikisia juu anajuta. Akipewa seti 3 anaweza kusema 2, na hakuna aliyeumia.

Maswali mawili yatakuja popote mtakapokwenda. La kwanza: "Kwani serikali haipo?" Jibu la kweli ni kwamba ipo, inalipa walimu na majengo, na mnachoomba ni kile kinachoisha katikati ya mwaka kabla fungu halijaja. Msiiseme serikali vibaya. Mtoaji mwenye leseni ya biashara hataki kusikia hivyo, na mkuu wa chuo naye hatawasamehe. La pili ni gumu zaidi: "Kijana akimaliza si anakwenda zake Dar?" Baadhi watakwenda. Msiahidi msichoweza kukishika. Anayejali hilo mpelekeeni ombi la mafunzo kwa vitendo wilayani: nauli, malazi na vifaa vya kikundi cha wanafunzi 6 kwa wiki 4 Kilindi au Lushoto. Hao wagonjwa watahudumiwa wiki hizo 4 hata kama mwanafunzi baadaye atakwenda mwezini.

Mgonjwa asiombwe akiwa kitini. Mtu mwenye ganzi mdomoni na taa usoni hana uhuru wa kukataa. Wala picha yake isitumike kwenye tangazo bila ridhaa ya maandishi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kinywa cha mtu ni taarifa ya afya yake. Pigeni picha vichwa vya mazoezi, vinakaa kimya na havishtaki.

Fedha ipite wapi

Chuo cha serikali kinapokea malipo kwa namba ya kumbukumbu, ile ambayo kila mtu anaiita kontroo namba. Ombeni mhasibu atoe moja kwa kila mtoaji, ikiwa na maelezo ya kusudi: "seti za ART", siyo "mapato mengineyo". Kasoro ya njia hii ni kwamba fedha ikishaingia inafuata taratibu za manunuzi ya umma, na hiyo inachukua muda. Mwambieni mtoaji tangu mwanzo. Kwa vitu vidogo, mara nyingi ni wepesi zaidi mtoaji akanunua mwenyewe kwa orodha yenu na kukabidhi vitu, chuo kikaviingiza kwenye leja na kumpa hati ya kupokea.

Simu ya mhazini isitumike, hata awe mcha Mungu namna gani. Mkitaka mfuko wenu wenyewe, sajilini wadhamini RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, mfungue akaunti yenye watia saini 3, wawili kwa kila malipo. Mkikusanya hadharani, sokoni au stendi, barua ipite kwanza ofisi ya Mkuu wa Wilaya.

Kwa makampuni kuna jambo la kodi ambalo wahasibu wengi wa Tanga hawalitumii. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 kinaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani au mradi wa maendeleo ya jamii kutolewa kwenye mapato kabla ya kodi, lakini usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Mchango unaotolewa chini ya Sheria ya Mfuko wa Elimu ya 2001, unaosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, haubanwi na kikomo hicho. Tuchukue kampuni yenye mapato ya biashara ya shilingi milioni 200 inayotaka kutoa milioni 10. Kwa njia ya kwanza zinatambuliwa milioni 4, na kwa kodi ya asilimia 30 inapungukiwa na kodi ya milioni 1.2. Kwa njia ya TEA, ikipata hati yake, zinatambuliwa zote 10 na kodi inapungua milioni 3. Tofauti ya milioni 1.8 ni hendipisi kadhaa. Mradi wenu uwasilishwe TEA kabla fedha haijatoka, na mhasibu wa kampuni athibitishe na TRA. Hati haitafutwi baada ya mwaka kufungwa.

Zaka na wakfu ni milango miwili tofauti, msiichanganye. Zaka ina makundi 8 ya wanaostahiki, yaliyotajwa katika aya ya 60 ya Sura At-Tawba. Mwanafunzi fukara anaweza kuingia humo kwa ufukara wake, hivyo zaka ielekezwe kwa ada, chakula na vifaa vyake yeye. Kompresa si fukara. Kwa vyombo na majengo ombeni sadaka au wakfu, na kila jambo lenye shaka apelekewe sheikh kabla ya kutangazwa. Wapo watoaji watakaopenda zaidi wazo la sadaka inayoendelea baada yao, na hapo wakfu wa fedha unafaa: mtaji hauguswi, faida ndiyo inayotumika. Waliozuiwa na dini kula riba watatafuta mali ya kupangisha, mathalani fremu ya duka. Wasiozuiwa wanaweza kutumia hatifungani za serikali kupitia Benki Kuu, kuanzia shilingi milioni 1, zinazolipa mara 2 kwa mwaka. Mtaji wa milioni 60 kwa riba ya mfano ya asilimia 12 unaleta milioni 7.2. Msitumie zote. Rudisheni 2.2 kwenye mtaji ili mfumuko wa bei usiule, milioni 5 zinunulie wanafunzi 5 vifaa vya milioni moja moja.

Pa kusitisha mkono

Fedha ya kampuni ya sigara, kataeni. Hakuna mjadala katika chumba kinachofundisha saratani ya kinywa. Kampuni ya soda inayotaka nembo yake ukutani, juu ya vichwa vinavyofundishia kuoza kwa meno, nayo mwelezeni kwa upole kwamba nembo haiwezekani, kisha mtazame kama mchango bado upo. Muuza dawa ya meno anaweza kutoa miswaki, lakini asipewe kipindi cha darasani wala mwalimu wa kumsifia. Masharti haya yaandikwe ukurasa mmoja na kupitishwa na kamati kabla ofa haijaja. Ofa ikishakuwa mezani kila mtu anapata sababu ya kulegea.

Hafla ya chakula cha hisani, kama mtaifanya, isile zaidi ya robo ya mnachotarajia kukusanya. Ukumbi, vyombo, MC na mapambo vina tabia ya kukua vyenyewe. Matembezi ya asubuhi kutoka Mkwakwani hadi Raskazone yana gharama ya maji na ulinzi tu, na yanaleta vijana ambao hawatanunua meza ya chakula.

Baada ya ahadi

Ahadi zinaandikwa na tarehe ya kulipa. Kumbusheni siku 3 kabla, siku yenyewe, na wiki 2 baadaye, faraghani. Orodha ya wadaiwa kwenye kundi inafaa harusi kwa kuwa wote ni ndugu. Mfadhili wa chuo ukimwanika mara moja humwoni tena. Agizeni vifaa kwa fedha iliyoingia tu. Ahadi hata ya mheshimiwa haiagizi kiti.

Kila kifaa kibandikwe namba ya leja na mwaka. Ukutani karibu na kompresa litundikwe daftari lenye safu 4: tarehe, maji yametolewa, hendipisi zimetiwa mafuta, saini. Mwanafunzi wa zamu ndiye anayejaza. Daftari hilo lina kazi mbili: linalinda mashine, na linakuwa taarifa yenu kwa mtoaji bila kutunga chochote.

Taarifa ipelekwe miezi 6 na miezi 12 baada ya makabidhiano, ukurasa mmoja, na iwe na kilichoharibika. Kitu kama hiki: "Kiti namba 2 kimefanya kazi siku 112. Kilisimama siku 9 mwezi wa sita, valvu ya kompresa ilivuja. Imebadilishwa kwa fedha ya mfuko wa matengenezo, risiti imeambatanishwa. Hendipisi 1 kati ya 3 inahitaji turbini mpya. Zilizobaki kwenye mfuko zinatosha." Msiombe kitu kingine kwenye karatasi hiyo hiyo. Akisoma habari ya turbini atauliza mwenyewe bei yake, na bei hiyo iwe tayari, ya wiki hiyo.